Skrini za Mwanga, Kurasa za Ujiji

Shajara ya Henry Morton Stanley ina pengo mahali ambapo msomaji angependa kusoma kuliko popote. Kurasa za siku alipoingia Ujiji mwaka 1871 na kumkuta David Livingstone zimechanwa. Ile salamu maarufu, “Dk. Livingstone, nadhani?”, ambayo tangu hapo imerudiwa shuleni, magazetini na kwenye vichekesho vya nchi nyingi, imetufikia kupitia yale aliyoyaandika Stanley mwenyewe baadaye, katika gazeti la New York Herald na katika kitabu chake cha mwaka 1872. Livingstone, mtu aliyeandika hata bei ya samaki na mwelekeo wa upepo, hakuitaja. Tim Jeal, ambaye wasifu wake wa Stanley ulichapishwa mwaka 2007, anaona kuwa huenda maneno hayo hayakutamkwa kabisa, na kwamba Stanley aliyatunga akiwa ameshaondoka.

Tarehe nayo ina utata. Stanley aliandika 10 Novemba. Shajara ya Livingstone inaliweka tukio hilo mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua homa njiani, na mgonjwa aliyelala bila kalenda ukutani hupotewa na siku. Ukumbusho wa Ujiji, kwenye kivuli cha miembe inayosemekana kuwa uzao wa ule mwembe wa kale waliokutana chini yake, umefuata hesabu ya Stanley. Kisha lipo jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, lililochorwa majina ya wazungu hao wawili na tarehe 25-XI-1871, kumbukumbu ya safari yao ya kwenda kutazama kama Mto Ruzizi unaingia Ziwa Tanganyika au unatoka. (Unaingia.) Kwa kuwa jiwe lina majina na tarehe, wapo wanaoshikilia kwamba walikutana hapo Burundi. Watu wa Ujiji hawataki hata kulisikia hilo.

Basi huu ni mji unaojua, pengine kuliko mwingine wowote kando ya Tanganyika, jinsi tukio kubwa linavyoweza kubaki bila ushahidi ulioandikwa papo hapo. Na kilomita chache kutoka kwenye miembe hiyo, huko Mwanga, Kigoma mjini, kwenye stesheneri zenye meza mbili, printa moja na bango la “Tunatoa kopi, tunaskani, tunaomba vyuo na ajira”, ushahidi wa papo hapo unatengenezwa siku nzima kwa kubonyeza kitufe.

“Mdogo wangu, nipigie hiyo kabla haijapotea,” mama humwambia kijana aliyekaa mbele ya kompyuta. Kijana anabonyeza. “Tayari, mama.” Mama anaridhika, ingawa hajaona karatasi, hajaona faili, wala hajaelezwa kilichopigwa kimekwenda wapi.

Kilichokuwa kwenye skrini si mchezo. Huenda ni ukurasa wa Ajira Portal unaosema maombi yamepokelewa. Huenda ni fomu ya mkopo wa elimu ya juu, ambayo baada ya kujazwa mtandaoni inatakiwa kuchapwa, kupigwa mihuri na kurudishwa tena kwenye mfumo. Huenda ni kontroli namba ya kulipia leseni ya biashara, au matokeo ya kidato cha nne, ambayo siku yakitoka kila mtu anayafungua kwa wakati mmoja hadi ukurasa unagoma. Serikali ya Tanzania imehamishia mtandaoni sehemu kubwa ya shughuli zilizokuwa zikifanyika kwa risiti ya karatasi na muhuri wa bluu. Raia aliyezoea kurudi nyumbani na kitu mkononi amejitafutia mbadala, naye mbadala huo ni picha ya skrini, ambayo vijana huiita skrinishoti bila kujiuliza mara mbili.

Kitufe chenyewe, PrtSc (Print Screen, yaani chapa skrini), kiko upande wa juu kulia wa kibodi, na maana yake ya kwanza ilikuwa ileile iliyoandikwa juu yake. Kwenye kompyuta ndogo ya IBM ya mwaka 1981, ukikibonyeza pamoja na Shift, maandishi yaliyokuwa kwenye skrini yalikwenda moja kwa moja kwenye printa na karatasi ikatoka. Kabla ya hapo, miaka ya 1960, watafiti waliotaka kuonyesha kazi ya kompyuta zao walisimamisha kamera mbele ya kioo na kukipiga picha kama wanavyopiga mandhari. Mama wa Mwanga anayetaka karatasi mkononi, kwa hiyo, hayuko nyuma ya wakati. Anadai kile ambacho kitufe kiliahidi tangu mwanzo.

Windows ndiyo iliyobadilisha ahadi. Ndani yake, PrtSc ikibonyezwa peke yake iliacha kuita printa na kuanza kuweka nakala ya skrini kwenye ubao wa kunakilia, mahali pasipoonekana ndani ya kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kwa miaka mingi mahali hapo paliweza kushika kitu kimoja tu kwa wakati. Ukinakili sentensi nyingine, picha ya awali inaondoka bila kuaga. Ili iwe faili, mhudumu lazima afungue Paint au Word, abandike, kisha ahifadhi. Kompyuta za mezani hazina betri ya kuziendesha. Umeme ukikatika kati ya kubonyeza na kuhifadhi, kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya muda kimekwenda. Mkoa wa Kigoma ulitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, na hakuna mwenye stesheneri wa hapo anayehitaji kuelezwa maana ya kukatika ghafla. Yule kijana aliposema “tayari” alikuwa sahihi kwa dakika chache tu.

Njia bora zipo, tena za bure. Kwenye Windows, tangu toleo la 8 la mwaka 2012, kitufe chenye nembo ya Windows kikishikwa pamoja na PrtSc hupiga skrini nzima na kuihifadhi hapo hapo kama faili, ndani ya folda ya Screenshots iliyo kwenye Pictures. Alt na PrtSc huchukua dirisha linalotumika peke yake, na kuacha nje upau wa chini na mambo ya jirani. Windows, Shift na S humpa mtu mshale wa kuzungushia kipande anachokitaka. Wenye Mac hutumia Command, Shift na 3 kwa skrini nzima, au 4 kwa kipande, na picha hutua kwenye uso wa kompyuta. Hayo yanafundishika kwa dakika tano, na pengine ndiyo sababu hakuna anayeyafundisha.

Faili inayozaliwa hapo kwa kawaida ni ya aina ya PNG, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. PNG ilibuniwa katikati ya miaka ya 1990, baada ya wenye hataza ya mbinu iliyotumika ndani ya GIF kuanza kudai malipo. Hubana picha bila kutupa nukta hata moja. JPEG ilikusudiwa picha za kamera, nyuso na mawingu, ambako jicho halioni kidogo kilichotupwa. Ikipewa maandishi meusi juu ya weupe, huyazungushia ukungu. Picha ya skrini ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hugeuzwa kuwa JPEG na kubanwa. Ikatumwa tena, ikapigwa tena kwenye simu ya mpokeaji, ikapitia makundi matatu, hatimaye 8 na 3 zinakuwa ndugu. Kwenye kontroli namba yenye tarakimu 12 huo ni mzaha mbaya. Kuituma kama dokumenti huiacha kama ilivyozaliwa.

Ipo hasara nyingine ambayo watu huizoea hadi wasiione. Picha ya maandishi si maandishi. Namba iliyokuwa inaweza kunakiliwa na kubandikwa sasa inabidi isomwe kwa macho na kuandikwa upya kwa kidole, huku foleni ikisubiri. Programu mpya zinaweza kuyasoma maandishi ndani ya picha, lakini nyingi ya kompyuta zilizoko mezani si mpya, na fomu za serikali zina herufi ndogo.

Tarehe ndiyo inayostahili kutazamwa zaidi.

Mac huiita faili yake kwa siku na saa ilipopigwa. Kifaa kipya cha Windows cha kukata vipande hufanya vivyo hivyo. Lakini ile njia ya Windows na PrtSc, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote, hutoa majina ya mfululizo: Screenshot (1), Screenshot (2), hadi Screenshot (214). Siku halisi imefichwa kwenye taarifa za faili, nazo ni dhaifu. Faili ikinakiliwa kwenye flashi, tarehe ya kuundwa hubadilika kuwa ya siku ya kunakiliwa. Ikipita WhatsApp hupewa jina jipya kabisa. Ndani ya picha yenyewe, tarehe ipo pale kwenye kona ya chini kulia tu, na hiyo ndiyo kona ambayo kila mtu huikata ili picha ipendeze.

Hata ikibaki, inaweza kusema uongo. Kila kompyuta ya mezani ina betri ndogo ya duara kwenye bodi yake, inayoiweka saa hai umeme usipokuwepo. Kwenye kompyuta zilizotumika, ambazo ndizo nyingi kwenye biashara ndogo, betri hiyo mara nyingi imekufa, na kila asubuhi mashine huamka ikiamini ni Januari ya mwaka fulani wa zamani. Wahudumu huligundua hilo pale tovuti inapokataa kufunguka, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti hupimwa kwa saa. Tovuti isiyojali saa itafunguka, na picha itakayopigwa itakuwa na tarehe ambayo mwombaji alikuwa bado darasa la tatu. Ongeza mpangilio wa Kimarekani unaokuja na Windows, ambao huandika mwezi kabla ya siku: 5/3 ni tano Machi kwa mama na Mei tatu kwa mashine. Livingstone na Stanley, na homa zao, walipishana kwa wiki mbili hivi. Kompyuta isiyo na betri ya shilingi chache inaweza kupishana na ulimwengu kwa miaka kumi na tano, na isiugue hata mafua.

Madhara yake si ya kitaaluma. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi, na ziwa ni sehemu ya kazi yake. Tahadhari iliyopigwa picha na kukatwa tarehe haifi. Inazunguka kwenye makundi ya simu wiki mbili baada ya upepo wenyewe kupita, na mwenye boti aliyeshadanganywa nayo mara kadhaa ataipuuza ile ya kweli. Taarifa ya hali ya hewa isiyo na siku ni hatari kuliko kukosa taarifa, maana anayekosa taarifa angalau hutazama mawingu.

Turudi kwa Livingstone, kwa sababu alichokiacha kinafundisha zaidi kuliko kilichochanwa kwenye shajara ya Stanley. Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, kwenye Mto Lualaba, ndani ya nchi ya Manyema ambayo leo iko Kongo. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Akachukua kurasa za gazeti la The Standard la London, toleo la 24 Novemba 1869, akazigeuza upande na kuandika shajara yake akikatiza mistari ya chapa, kwa wino aliojitengenezea kutokana na mmea. Ndimo alimoandika habari za 15 Julai, siku watu wenye bunduki walipoishambulia hadhara ya sokoni Nyangwe. Wengi wa waliokufa walikuwa wanawake waliokuja kuuza na kununua, na makadirio aliyoyaandika ni kati ya watu 330 na 400. Kisha akarudi Ujiji, akakuta bidhaa alizowekewa zimeshauzwa, na ndipo Stanley akafika.

Baadaye akiwa na daftari safi, aliyanakili maandishi hayo upya. Baada ya kifo chake mwaka 1873, rafiki yake Horace Waller aliyahariri na kuyatoa kitabu mwaka 1874. Kwa zaidi ya karne moja ulimwengu ulisoma toleo hilo lililopita mikono miwili, huku kurasa za gazeti zikififia hadi wino wa mmea ukawa karibu hauonekani chini ya chapa nyeusi. Mwaka 2010 kundi la watafiti likiongozwa na Adrian Wisnicki lilizipiga picha kurasa hizo huko Uskoti kwa miali ya aina mbalimbali, kuanzia ile iliyo ng'ambo ya zambarau hadi ile iliyo ng'ambo ya nyekundu. Wino wa mmea na wino wa gazeti haupokei mwanga kwa namna moja; kompyuta ikizilinganisha picha hizo, gazeti linafifizwa na mwandiko unatokeza. Matokeo yaliwekwa hadharani mwaka 2011, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuyasoma.

Kilichotokeza hakikuwa kilekile kilichokuwa kitabuni. Kurasa za awali zina maneno yanayoashiria wasiwasi kwamba baadhi ya watu waliokuwa chini ya Livingstone mwenyewe huenda walihusika katika vurugu za Nyangwe. Katika nakala safi mambo hayo yamelainishwa. Hakuna haja ya kumhukumu mzee wa watu kwa hilo. Kila anayenakili husafisha. Ila tofauti hiyo inaonyesha kwa nini nakala ya kwanza, chafu, iliyopindapinda, yenye matangazo ya biashara ya London yakichungulia kati ya maneno, ina thamani ambayo nakala nzuri haitaipata kamwe.

Mtu anayekata picha ya skrini ndiye Waller wa siku hizi. Anaondoa anachokiona hakihusu: anwani ya tovuti juu, saa chini, ujumbe uliotangulia, jina la aliyejibu. Mara nyingine ni adabu tu. Mara nyingine ndiyo hila yenyewe, kwa maana mazungumzo yaliyokatwa mstari mmoja mapema yanaweza kumgeuza anayetania kuwa anayetukana. Na kwa kuwa picha inaonekana ngumu kuliko maneno, anayeipokea huamini kingo zake kana kwamba dunia iliishia hapo. Kwa kweli kughushi ukurasa hakuhitaji hata ufundi wa picha: vivinjari vya kompyuta ya mezani vina sehemu ya wataalamu ambamo maandishi ya ukurasa wowote hubadilishwa kwa sekunde, kisha ukapigwa picha ukiwa umebadilishwa. Wenye maduka waliowahi kuonyeshwa “uthibitisho wa malipo” wa fedha zisizofika wanalijua hili bila kusoma popote.

Kinyume chake pia kimewahi kutokea, yaani kilichokatwa kukataa kuondoka. Machi 2023 wataalamu wa usalama walionyesha kuwa programu ya picha ya simu za Google Pixel, na vifaa vya kukata vya Windows 10 na 11, vilikuwa na kasoro: mtu akikata picha na kuihifadhi juu ya ileile ya zamani, data ya sehemu iliyokatwa iliweza kubaki mkiani mwa faili, na mwenye ujuzi aliweza kuirudisha. Waliokuwa wameficha namba za kadi za benki walikuwa hawajaficha kitu. Kasoro ilirekebishwa mwezi huohuo, lakini picha zilizotumwa kabla ya hapo zilikuwa zimeshakwenda.

Afrika Mashariki ilipata kipimo kikubwa cha suala hili la kuamini picha Agosti 2022. Tume ya uchaguzi ya Kenya iliweka mtandaoni picha za fomu za matokeo namba 34A, zilizojazwa katika vituo vya kupigia kura 46,229, kila raia azitazame na kujumlisha mwenyewe. Watu wakapakua, wakapiga skrini, wakabishana usiku kucha. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, ilidaiwa kuwa fomu zilidakwa njiani na kubadilishwa kabla ya kuonekana mtandaoni, na vielelezo vya kompyuta vikaletwa. Mahakama iliagiza fomu za karatasi zikaguliwe na kulinganishwa na zile za mtandaoni, na hukumu ya 5 Septemba ikasema hapakuonekana tofauti ya maana. Vielelezo vya upande wa walalamikaji vilikataliwa, vingine vikielezwa kuwa vya kughushi. Jambo la kuzingatia hapa ni namna hoja ilivyomalizwa. Picha haikushindanishwa na picha. Ilirudishwa kwenye karatasi iliyotiwa saini kituoni.

Tanzania nayo ina kipimo chake kisheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani. Ushahidi haukataliwi eti kwa sababu tu ni wa kompyuta. Lakini uzito wake hupimwa kwa maswali ambayo wenye stesheneri wangeyajibu kwa shida: taarifa ilitengenezwaje, ilihifadhiwa na kutumwa vipi, kuna uhakika gani kuwa haikuguswa, na aliyeianzisha anatambuliwaje. Screenshot (214) kwenye kompyuta inayotumiwa na watu thelathini kwa siku haina majibu ya kutosha. Anayepiga skrini kwa ajili ya mgogoro wa kiwanja au wa deni afanye hivi: apige skrini nzima pamoja na anwani na saa, asikate, aihifadhi faili ya asili peke yake na kukata nakala yake, na ukurasa wenyewe usifutwe. Wakili atamshukuru.

Kaskazini mwa Kigoma, kilomita kama 16 kwa boti, wapo watu waliohifadhi matukio yapitayo kwa nidhamu ya namna nyingine. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki 1 Oktoba 2025, alifika hifadhi ya Gombe Julai 1960. Mei 1975 wapiganaji kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka vijana wanne wa kituo cha utafiti. Wageni wakaondoka, na wasaidizi wa Kitanzania wakabaki wakiendesha uangalizi wa kila siku wa sokwe, wakiandika kwa Kiswahili. Hawaandiki kila kinachopita machoni. Sokwe mmoja anafuatwa; kila dakika 15 inaandikwa yuko wapi na nani wako naye; anachokula kinawekewa saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Karatasi hizo zimekuja kuskaniwa na kuingizwa kwenye hifadhidata iliyotunzwa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na mtafiti leo anaweza kuuliza mama fulani alikuwa na nani asubuhi ya siku fulani miaka arobaini iliyopita, akajibiwa. Kinachojibu ni mpangilio. Wingi wa karatasi peke yake usingejibu kitu.

Mwezi Mei 2024 Microsoft ilitangaza kitu kinachofanana na kazi ya Gombe kwa juu juu tu. Kifaa chake kiitwacho Recall kilikusudiwa kupiga picha ya skrini ya mtumiaji kila baada ya sekunde chache, siku nzima, ili baadaye aweze kutafuta chochote alichowahi kukiona. Wataalamu walipoonyesha kuwa hazina hiyo ilikuwa rahisi kusomwa na mwizi wa data, kampuni iliahirisha. Kilipotoka mwaka 2025 kilikuwa cha hiari na chenye ulinzi zaidi. Wasaidizi wa Gombe huchagua cha kuandika na kujua kwa nini. Recall haichagui. Mtu anayehifadhi kila skrini aliyoitazama atahitaji maisha ya pili ya kuzitazama tena.

Stesheneri ya kawaida inakaribia hali hiyo bila kununua kompyuta mpya. Fungua folda ya picha kwenye mashine yoyote ya umma na utakuta vitambulisho vya taifa, namba za simu, vyeti vya kuzaliwa, barua za ajira, taarifa za benki na matokeo ya watoto wa watu, vyote vikiwa vimepigwa kwa haraka kumsaidia mteja aliyeshakwenda zake. Hakuna aliyeiba. Ni kwamba kupiga kunachukua sekunde, kufuta hakuna anayekulipia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa lengo alilozikusanyia na asikae nazo kupita mahitaji. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya benki na kampuni za simu peke yao.

Kwa hiyo ndugu mwenye stesheneri, wa Mwanga, wa Ujiji na wa kwingineko: badilisha ile betri ya duara, sahihisha saa, mfungulie kila mteja folda yenye jina na tarehe inayoanza na mwaka, mwekee faili zake kwenye flashi yake au mtumie kama dokumenti, halafu jioni futa. Na wewe mteja usione haya kusimama hapo hadi uone. Ikishafutwa, mwombe amwage na kapu la taka la kompyuta, kwa sababu humo picha zako hukaa nzima hadi mtu atakapolimwaga.